Kinanda Hakijakaa Sawa

Mama yangu hakuwahi kumuuliza mwanamume yeyote aliyekuja kuniposa ana mshahara gani wala anakaa benchi lipi kanisani. Alimwambia tu, "Hebu nipe kinanda chako." Mwanamume akishakitoa mfukoni, kwisha habari yake.

Mji wetu unaishi kwa vinanda vya mdomo. Kiwanda kiko bondeni, lakini enzi zile nusu ya kazi ilifanyika majumbani, mezani, kati ya sufuria ya dengu na kikapu cha soksi za kushona. Mama, Paula, alikuwa mtia sauti, yaani fundi wa kulinganisha sauti za vinanda. Baba, Gotthilf, alikuwa mtu wa ribiti. Yeye ndiye aliyezipigilia ndimi za shaba, vile vipande vyembamba vinavyolia ukipuliza, kwenye mabati yake kabla hazijafika kwa mama. Mimi, Lore, mtoto wao wa pekee, nilipelekwa kiwandani kufunga maboksi, kwa sababu mama alishakata shauri tangu nikiwa mdogo kwamba nina sikio la ng'ombe. Haya. Ng'ombe naye akiitwa anaitika.

Sasa mama akikifungua kinanda chako, amekufungua wewe. Mtoto wa muuza nyama alikuja kunitaka, mama akakuta kipande cha soseji kimekaukia nyuma ya ulimi. "Huyu anapiga muziki mdomo umejaa," akasema, "na kubusu atakubusu hivyo hivyo." Akaja mwalimu, kinanda chake kimejaa tumbaku tele. Akaja mwingine, nimeshamsahau jina, misumari ina kutu. "Hakikaushi," mama akasema. "Mtu asiyekausha kinanda chake, shati lake la mvua utalikuta juu ya kitanda chako." Wote wakarudi makwao. Niliyemlilia ni mwalimu peke yake, alikuwa na masharubu mazuri.

Halafu akaja Eugen.

Eugen alitoka Isny, milimani huko Allgäu, akaja kufanya kazi kwenye kiwanda chetu cha maziwa. Mpole, mabega mapana, mikono inanukia jibini. Ni wa kanisa letu. Hilo nilihakikisha kabla sijamwonyesha jino. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau kuhesabu maboksi. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo ilibidi nimfundishe kulificha: alikuwa amepanga chumba kwa mama mkubwa Rosine.

Mama mkubwa Rosine ni dada yake mama, tumbo moja. Alikaa mtaa wa juu, peke yake, hakuolewa, na yeye pia ni mtia sauti. Hawa ndugu wawili walikuwa hawasemezani tangu kabla mimi sijazaliwa. Kanisani kila mmoja ana upande wake. Wakikutana kwa muuza mikate, mama anatazama mikate, mama mkubwa anatazama dari.

Ungeuliza kwa nini, mji mzima ungekujibu: kwa ajili ya mtetemo. Katika vinanda vyetu vya mtetemo kila sauti ina ndimi mbili, mmoja bati la juu na mmoja bati la chini. Ukizilinganisha sawasawa, sauti inatoka imekufa. Kwa hiyo ule wa juu unauinua kidogo, kiduchu tu, ndipo sauti inaanza kutetemeka na mtu anakumbuka kwao. Sasa hicho kiduchu ni kiasi gani? Hapo ndipo penye vita. Mama alitaka mtetemo wa haraka, wa kuchezea dansi. Mama mkubwa aliutaka wa polepole. Mama alisema mtetemo wa dada yake ni bibi kizee anapanda ngazi. Mama mkubwa akajibu kwamba wa mama ni mbuzi kapigwa na baridi. Akalisema mbele ya akina mama wa kanisa, wana keki mkononi. Hapo tena!

"Yaani watu wazima wananyimana salamu kwa hilo?" Eugen aliniuliza.

"Kwetu wapo walionyimana kwa dogo kuliko hilo. Wewe ukija Jumapili, usiseme unakaa wapi. Akikubana, sema mtaa wa juu, halafu usifie tambi."

Basi Jumapili akaja. Tukala dengu na tambi za mayai, Eugen akaongeza mara mbili, mama akaona na hakusema neno. Ilikuwa dalili nzuri. Vyombo vilipotolewa akajifuta mikono kwenye aproni.

"Hebu nipe kinanda chako."

Eugen alikitoa ndani ya koti, kimefungwa kwenye leso nyeupe iliyopigwa pasi. Kilikuwa cha zamani, vifuniko vimelika pale midomo inapopita.

"Cha marehemu baba," akasema. "Alikiacha nyumbani alipokwenda vitani. Alisema atakikuta."

Baba yangu akajikohoza. Mama akakipokea kwa mikono miwili, na hilo nilimshukuru. Akaingiza ncha ya kisu chini ya kifuniko, akang'oa vimisumari kimoja kimoja, akavipanga kwenye kisahani. Akachungulia. Soseji hakuna. Tumbaku hakuna. Kutu hakuna.

"Kisafi," akasema, kama mtu aliyedhulumiwa.

Nikaanza kupumua. Kumbe nimewahi. Mama alikuwa ameliinua bati kwenye mwanga wa dirisha, uso umeanza kumbadilika.

Ukitaka kuinua sauti ya ulimi, unaukwangua nchani. Ukitaka kuishusha, unaukwangua kwenye shina, karibu na ribiti. Mikwaruzo inabaki pale maisha, na mtia sauti anaisoma kama wewe unavyosoma mwandiko wa mtu. Mikwaruzo ya kinanda cha Eugen ilikuwa imelalia kushoto yote. Na mji wetu una mtia sauti mmoja tu wa mkono wa kushoto.

"Kijana," mama akasema, macho bado kwenye bati. "Unakaa wapi?"

"Mtaa wa juu, mama. Tambi zako tamu kweli."

"Mtaa wa juu kwa nani?"

Eugen akanitazama. Mimi nikaitazama sufuria.

"Kwa Bi Rosine, mama."

Baba akaweka kikombe chini polepole, kana kwamba kingelipuka. Mimi nilishajua kitakachofuata: mlango, kofia, kwaheri. Lakini mama akafanya jambo baya zaidi. Akatabasamu.

"Ooh, pole, mwanangu. Ndiyo maana kinalia kama bibi kizee anapanda ngazi. Si kosa lako." Hapo hapo akavuta kikwangulio chake, akapitisha kibamba chembamba cha chuma chini ya ulimi wa kwanza, akaanza. "Nikwambie desturi ya nyumba hii. Kijana hapewi jibu mpaka kinanda chake kikae sawa sikioni mwa mwenye binti. Marehemu baba yangu alifanya hivyo, na mimi nafanya hivyo. Jumapili ijayo utapiga, nitafumba macho, nami nitakujibu."

Nilimsindikiza Eugen mpaka kona ya mtaa nikiwa naruka. Jumapili moja tu! Tulishaanza kubishana rangi ya mapazia.

Jumapili ikafika. Eugen akapiga, mama akafumba macho, mimi nimeshika kiti kwa nyuma. Alipofika mwisho mama akafumbua macho, akanyoosha mkono, akakifungua kinanda, akakipeleka dirishani.

"Amekigusa," akasema.

Eugen akainamisha kichwa. Alipokuwa akifanya mazoezi chumbani, mama mkubwa alimsikia kutoka chini, akapanda ngazi na kijiko cha mchuzi mkononi. "Mbuzi gani huyo umeniingizia nyumbani?" Akakichukua. Eugen akajaribu kumkatalia, mama mkubwa akamwambia, "Sikiliza, kijana. Hapa mjini huna mama, huna baba. Mkubwa wako ni mimi. Na hutoki nyumbani kwangu kwenda kuposa na mbuzi mdomoni."

"Si ungekificha!" nikamfokea Eugen nje.

"Nilikificha chini ya mto. Akaja kubadilisha shuka."

Basi vita ikaanza rasmi, na uwanja wa vita ni kile kinanda. Jumapili mama anakikwangua nchani, mtetemo unakuwa wa haraka. Katikati ya wiki mama mkubwa anakikwangua shinani, unakuwa wa polepole. Jumapili nyingine Eugen anapiga, mama anafumba macho, anafumbua. "Hakijakaa sawa." Nilichukia maneno hayo kuliko matusi. Yakapita majira ya cheri, yakapita ya kukata majani, zikaiva plamu, na mimi bado sina jibu.

Salamu nazo zilipita kwa Eugen, maskini, kama mpeleka barua.

"Mwambie mwenye nyumba wako kinanda si jeneza."

"Bi Rosine anasema, mwambie huyo, kinanda si cherehani."

"Mwambie anunue masikio."

"Anasema anayo, tena mawili, na yote mawili alimzidi tangu utotoni."

Kiwandani wanawake waliniuliza kila Jumatatu, "Lore, umeshaposwa au bado unakwanguliwa?" Walicheka mpaka maboksi yakaanguka. Nami nilicheka nao, ungefanya nini? Lakini nilikuwa naanza kuogopa, maana nilimsikia baba.

Baba ni mtu wa amani, yaani mwoga, lakini shaba anaijua. Jumapili moja aliliinua bati mwenyewe akalitazama kwa muda mrefu.

"Paula," akasema, "shaba si unga wa tambi. Ukiipunguza huiongezi. Ndimi hizi zimekuwa karatasi."

"Kamwambie Rosine."

"Nikamwambie vipi na wewe umenikataza hata kumwamkia?"

"Basi nyamaza."

Akanyamaza. Fahali wawili hawakai zizi moja, na baba alikuwa amelala usingizi zizini humo miaka yote kwa kutoingiza pembe yake.

Halafu ikaja habari kutoka Isny. Bwana aliyemfundisha Eugen kazi alikuwa anastaafu, na wakamtaka Eugen awe mkuu wa chumba cha jibini, na nyumba ya kuishi juu yake, mradi aje kabla ya theluji. Eugen aliniambia tukiwa tumekaa juu ya ukuta wa kanisa, anageuza kofia yake.

"Lore, nikienda bila wewe, ni mbali. Sitaweza kuja kila Jumapili kusikia kwamba hakijakaa sawa."

"Basi twende tu, hata asipojibu!"

"Ungeweza?"

Ningeweza, miguu ninayo. Lakini nilimjua mama yangu. Angeninyamazia kama alivyomnyamazia dada yake, na mwanamke huyu akinyamaza, hunyamaza mpaka nywele zinaota mvi. Sikutaka watoto wangu wamwone bibi yao anatazama mikate. Niliitaka ile ndiyo yake. Niliitaka kutoka kinywani mwake, kwa hiari yake.

"Jumapili hii," nikamwambia. "Jumapili hii atasema."

Jumapili hiyo Eugen alipiga vizuri kuliko siku zote. Alipiga wimbo wa kwao wa kuteremsha ng'ombe kutoka malishoni, mguu wake unagonga sakafu, na nikaona kidole cha mama kinagonga meza pamoja naye. Nikasema moyoni, tayari, leo tayari. Akafika pale juu, akavuta pumzi kwa nguvu, tukasikia *tik*. Kisauti kidogo, kama ukucha unakatika. Baada ya hapo pale penye sauti palitoka upepo mtupu.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Meza yetu yote inajua sauti ya ulimi ukikatika.

Eugen alikitazama kinanda cha baba yake. Akakipigapiga kiganjani, kama anavyofanya siku zote akimaliza, na kipande cha shaba kikaanguka mkononi mwake. Akakifunga kile kipande na kinanda pamoja kwenye leso.

"Si kitu, mama," akasema. "Ahsante kwa chakula."

Akavaa kofia, akatoka. Angepiga meza ngumi ningevumilia. Lile "si kitu" ndilo lililonichoma.

"Umekatika shinani," mama akaanza, "nilijua tu, Rosine na lile shina lake—"

"Mama!" Nilipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. "Mtu hana baba! Ana kinanda! Mmekila mmekimaliza, wewe na dada yako, kama panya! Vua aproni. Tunakwenda."

"Tunakwenda wapi?"

"Unajua wapi!"

"Thubutu! Mimi nyumba ile siingii."

"Utaingia. Ama utaingia leo na mimi, ama mimi naondoka leo na Eugen na hutaniona tena. Chagua!"

Sikuwahi kusema naye hivyo. Akanitazama, akamtazama baba apate msaada, lakini baba alikuwa ameshasimama, anatia kwenye mfuko nyundo yake ndogo, fuawe yake ndogo na vipande vya shaba. Mama hakuvua aproni. Alipita mtaani nayo, Jumapili mchana kweupe, watu wote wako madirishani.

Mama mkubwa tulimkuta jikoni. Eugen alikuwa ameketi mbele yake, leso imefunguliwa mezani, na mama mkubwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Alipomwona mama mlangoni, mkono ukashuka.

Nilidhani watalia. Wapi!

"Umekatika shinani," mama akasema. Ndilo neno lake la kwanza kwa dada yake kwa umri wangu wote.

"Nimeona."

"Shinani ndiko unakokwangua wewe."

"Nisingekwangua shinani kama wewe usingekwangua nchani!"

"Nilikuwa natengeneza ulichoharibu!"

"Mimi nilikuwa namtoa mbuzi!"

"Bibi kizee!"

"Samahani," Eugen akasema. Akasimama. Ilibidi aseme mara ya pili. "Samahani. Mama. Mama mkubwa. Kuna jambo sijasema. Hiyo tofauti... mimi sijawahi kuisikia."

Wote wawili wakamgeukia.

"Tofauti ipi?" wakauliza wote wawili, pamoja.

"Ya mtetemo huu na ule. Kwangu mimi ni kile kile. Kizuri tu, siku zote."

Mama akavuta kiti akakaa. Mama mkubwa akakaa kando yake. Wakamtazama yule kijana juu mpaka chini.

"Hasikii," mama akasema.

"Hasikii kabisa," mama mkubwa akasema.

"Na anavyopiga vizuri."

"Anapiga kwa moyo tu, maskini. Masikio hamna."

"Lore naye ndiyo kama hivyo."

"Lore? Tangu mtoto. Nilikuwa namsikia akiimba kanisani, nasema, Mungu wangu, ng'ombe wa nani huyu?"

Wakagundua kwamba wamekubaliana. Baba ndiye aliyeanza kucheka, akashika mlango asianguke, na mimi nikafuata, hasira zangu zote na machozi yangu yote yakatokea kwenye kicheko. Mama alijitahidi kununa lakini mdomo ulimsaliti.

Basi baba akafanya kazi yake. Akakata kipande cha shaba, akakipiga tupa mpaka kikawa ulimi, akang'oa mabaki ya ule wa zamani, akagonga ribiti mpya. Wale wawili walimsimamia huku na huku.

"Umeupinda, Gotthilf."

"Umeupinda, shemeji, anasema kweli."

"Nilikuwa na raha mlipokuwa hamsemezani," baba akasema.

Ulimi ukakaa. Ukabaki kutiwa sauti. Mama akanyoosha mkono, na mama mkubwa akanyoosha mkono, na mimi nikasema, "Mama." Akaurudisha.

"Nyumba ni yake," akasema. "Atie yeye."

Mama mkubwa akatia kibamba chini ya ulimi, akaukwangua kwa ule mkono wake wa kushoto, akapuliza, akakwangua, akapuliza, akaliweka bati mezani. Ulimi uliotoka kukwanguliwa una joto, nao unadanganya. Lazima uuache upoe ndipo usikilize. Kwa hiyo tukakaa kungoja. Mama mkubwa akatumiminia kahawa, hakuna aliyeinywa. Akawa anauzungusha mkebe wa sukari.

"Unajua mtetemo huu ni wa nani, Paula?"

"Wako."

"Si wangu. Wa Wilhelm."

Jina hilo sikuwahi kulisikia. Lakini mama alilijua. Nilimwona amekaza mikono.

"Wilhelm alikuwa fundi saa wa Schwenningen, mji wa jirani," mama mkubwa akatuambia sisi wengine, kwa sauti ya kawaida tu. "Alikuja kunitaka. Marehemu baba akafumba macho, akafumbua, 'Hakijakaa sawa.' Nikakikwangua mwenyewe, kwa mkono huu. Nikakifanya cha haraka. 'Hakijakaa sawa.' Nikakifanya cha polepole. 'Hakijakaa sawa.' Jumapili kwa Jumapili. Mwisho Wilhelm akachoka, akaoa kwao. Huu wa polepole ndio alioupenda yeye." Akaacha kuzungusha mkebe. "Eugen alipokuja kupanga hapa nikamsikia juu anapiga. Nikasema, nitampa mtetemo wa Wilhelm. Kiende kikapigwe mbele ya mtoto wa baba yangu, na safari hii mtu aseme ndiyo. Sikuwa nakukomoa, Paula. Nilikuwa nangoja tu."

Mama akakisukuma kikombe chake pembeni. Alipoanza, sauti yake sikuitambua.

"Nilikuwepo, Rosine. Nilikaa pembeni ya baba nikipiga mabati brashi. Kilikuwa sawa. Tangu Jumapili ya kwanza kilikuwa sawa, na baba alijua, na mimi nilijua. Alikuwa hataki uondoke, basi. Nilimwogopa, nikanyamaza. Halafu nikaona haya kukutazama, ikawa rahisi kukukasirikia kwa ajili ya mbuzi." Akanigeukia mimi, machozi yanamtiririka hata hayafuti, mama yangu ambaye nilimwona akilia kwa vitunguu tu. "Na mimi sitaki uende Isny, Lore. Sina sababu nyingine. Sitaki tu."

Nikamkumbatia na aproni yake na unga wake. Nikamwambia nitakuja, nitakuja kila sikukuu, nitaandika. Nililia mpaka Eugen akanipa ile leso ya kinanda cha baba yake.

"Umepoa," baba akasema.

Eugen akapigilia vifuniko, akajifuta mdomo, akapiga ule ule wimbo wa ng'ombe, kutoka mwanzo. Ulitetemeka polepole. Hata mimi na sikio langu niliusikia. Mama akafumba macho na hakuyafumbua mpaka sauti ya mwisho ikaisha, na baada ya hapo bado kidogo.

"Ni wa polepole mno," akasema.

Nikaikunja ile leso kiganjani.

Akafumbua macho. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama Eugen. Alimtazama dada yake.

"Ndiyo, Rosine," akasema. "Ndiyo."

Mama mkubwa akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mama akasogeza kiti karibu yake, akamwekea mkono mgongoni.

Eugen alinitazama, akamtazama baba, kinanda bado kiko mdomoni.

"Ndiyo gani, mama?" akauliza.

"Nyamaza, kijana," baba akamwambia. "Umeshaoa."